Anayelipishwa Huduma ya Bure Mtandaoni Si Mjinga

Tangu Rais William Ruto atie saini marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni mnamo Oktoba 2025, mazungumzo kuhusu ulaghai wa intaneti hapa Nakuru yamechukua njia mbili. Wapo wanaosema kwamba sasa serikali imeshika rungu, na zile tovuti zinazowatoza wananchi pesa kwa huduma ambazo serikali yenyewe haitozi hata ndururu zitafungwa zote. Wapo pia wanaosema rungu halihitajiki: mwananchi afungue macho, aache kubonyeza kila anachokiona. Naona pande zote mbili zinatazama mahali pasipofaa. Tovuti hizi zinaishi ndani ya pengo ambalo serikali iliacha ilipohamishia dawati lake mtandaoni, karani ikamwacha nyuma, na kibao cha bei ikakisahau. Pengo hilo likibaki wazi, tovuti itakayofungwa asubuhi itazaliwa upya kwa jina jingine kabla ya jua kutua. Likizibwa, nyingi zitakosa wateja na kufa zenyewe.

Kwanza tuelewane ni tovuti zipi. Wako wezi waziwazi, wanaonakili nembo ya taifa, wakachukua pesa na kutoweka. Hao ni kazi ya polisi na sina mengi ya kusema juu yao. Ninaowazungumzia hapa ni wale wa katikati, ambao hutoza na kisha hutoa kitu. Chukua kijana wa Kaptembwo aliyemaliza kidato cha nne, amepata kitambulisho juzi, na sasa anahitaji PIN ya KRA, yaani nambari ya mlipa kodi kutoka Mamlaka ya Mapato, ili aombe mkopo wa elimu. Anaandika maneno mawili matatu kwenye simu yake. Jibu la kwanza linalojitokeza ni tangazo la kulipiwa, na neno linaloonyesha kuwa ni tangazo ni dogo kiasi kwamba macho hulipita. Ukurasa unafunguka kwa rangi nyeusi, nyekundu na kijani, una picha ya jengo la serikali au la bendera, na sanduku la kujaza nambari ya kitambulisho, jina la mama, tarehe ya kuzaliwa na nambari ya simu. Mwishoni kuna malipo ya huduma, yanayokwenda kwa nambari ya till, ile ya malipo ya biashara kwenye M-Pesa. Analipa. Kesho yake anatumiwa cheti cha PIN, na PIN hiyo ni halali, kwa sababu mtu fulani mahali fulani ameketi akaingia kwenye iTax, mfumo wa kodi wa KRA mtandaoni, na kuiomba kwa jina lake, bila kulipa chochote. Chini kabisa ya ukurasa ule, kwa herufi za kijivu, palikuwa na sentensi kwamba wenye tovuti hawana uhusiano wowote na serikali.

Kijana huyo halalamiki. Alitaka PIN na PIN ameipata. Haendi polisi wala haandiki barua kwa mamlaka yoyote, kwa kuwa hajui kwamba alichokinunua hakiuzwi. Hili ndilo linalofanya tatizo hili lieleweke vibaya. Tumezoea kupima ulaghai kwa wingi wa vilio, na ulaghai wa aina hii hauleti vilio. Unaacha maelfu ya watu walioridhika wakiamini kwamba serikali yao huuza vitu ambavyo haiuzi, na wakimweleza jirani bei waliyolipa kana kwamba ndiyo bei halali.

Ili kuona pengo lilivyotokea, turudi nyuma kidogo. Mfumo wa eCitizen, lango la huduma za serikali mtandaoni, ulianza mwaka 2014 kwa huduma chache. Mwaka uliotangulia, Novemba 2013, Huduma Centre ya kwanza, kituo chenye kaunta za idara nyingi za serikali, ilikuwa imefunguliwa Nairobi, na baadaye vituo hivyo vikafika katika kaunti zote, Nakuru, Kisumu na Kakamega zikiwemo. Hiyo ilikuwa miguu miwili ya mpango mmoja: anayejiweza ahudumiwe mtandaoni, asiyejiweza aje kaunta amkute mtu. Kisha mguu mmoja ukarefuka na mwingine ukasimama. Mwisho wa Juni 2023 serikali ilizindua huduma zipatazo 5,000 ndani ya eCitizen, na nambari ya malipo 222222 ikafanywa ndiyo njia moja ya kulipia huduma za serikali. Wiki chache baadaye, mwishoni mwa Julai, mfumo ulishambuliwa na wadukuzi na nchi nzima ikaonja jinsi ilivyokwisha kuutegemea. Hatukurudi nyuma, na sisemi tungerudi. Mtu wa Kuresoi au Molo aliyekuwa akilala mjini ili aamkie foleni ya ofisi amepunguziwa mengi, na anayeutukana mfumo huu mzima amesahau bahasha za kaki zilizokuwa zikipitishwa chini ya meza.

Lakini tazama kilichompata karani. Zamani ulifika dirishani na karatasi zako, karani akakuuliza maswali na kuandika majibu. Mshahara wake ulitoka katika ushuru wako. Sasa ukifika Huduma Centre, kwa huduma nyingi jibu la kwanza unaloambiwa ni kwamba uende ukaombe mtandaoni kwanza, uchapishe fomu, kisha urudi. Ukitoka nje ya mlango ule ule, unaona saiba mbili tatu, maduka ya intaneti, zimejipanga, na mabango yao yanataja kila ulichokifuata ndani: PIN, cheti cha maadili mema, leseni ya udereva, pasipoti, bima ya afya ya SHA, mkopo wa elimu wa HELB. Hazikuja pale kwa bahati. Kazi ya karani haikuondolewa na kompyuta, ilisukumwa upande wa pili wa barabara, na sasa anailipia mwananchi kutoka mfukoni, juu ya ushuru ambao bado anautoa. Tovuti za kulipisha huduma za bure ni saiba ile ile, isipokuwa haina mlango wala uso, na bei yake huijui hadi umeshajaza kila kitu.

Jambo la pili ni bei yenyewe. Tunamwambia mwananchi kwamba hapaswi kulipia kitu cha bure, lakini nani amemwambia kipi ni bure? Kitambulisho ni mfano tosha. Kwa miaka mingi kitambulisho cha kwanza hakikulipiwa. Novemba 2023 serikali ikatangaza kwamba kitakuwa shilingi 1,000, na cha kuchukua nafasi ya kilichopotea kitapanda kutoka shilingi 100 hadi 2,000. Watu wakapiga kelele, mahakama ikaingilia. Mwaka uliofuata ikatangazwa ada ya shilingi 300 kwa cha kwanza, na mwaka 2025 ada hiyo ikaondolewa. Katika muda wa miaka miwili hivi, mzazi mwenye watoto watatu waliofuatana angeweza kusikia bei tofauti kwa kila mtoto, na zote zikiwa za kweli siku aliyoambiwa. Mtu wa namna hiyo akikuta tovuti inayomdai shilingi 500, atajuaje kwamba leo ndiyo siku ambayo bei si ya kweli?

Ongeza hapo ile ada ya shilingi 50 ambayo eCitizen imekuwa ikiikata kila mtu anapolipia huduma. Aprili 2025, katika kesi iliyowasilishwa na daktari wa hapa Nakuru, Magare Gikenyi, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba agizo la kuwalazimisha wazazi kulipa karo kupitia eCitizen halikufuata sheria, na akaigusa pia ada hiyo ya 50, kwamba haikuwa na msingi wa kisheria. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, naye ameibua maswali mazito kuhusu nani hasa anaudhibiti mfumo huo. Silinganishi eCitizen na matapeli. Ninachosema ni kwamba mlango halali wa serikali ulipomzoeza mwananchi kukatwa kiasi kidogo kisichoelezwa, ulimwandaa kuukubali mlango bandia unaomkata kiasi kikubwa kidogo. Alipoona maneno ya ada ya huduma kwenye ukurasa wa tapeli, hakushtuka, maana alishayaona kwenye ukurasa wa serikali.

Sasa nije kwenye hoja yenye nguvu zaidi ya kuzitetea tovuti hizi, kwa sababu inastahili kujibiwa kwa heshima. Wenye tovuti hizi, na watu wengi wasio na nia mbaya, husema: sisi tunauza muda na ujuzi. Mfumo wa iTax una kurasa zinazomchosha hata mhasibu. Mtu akitulipa tumjazie fomu, ana tofauti gani na anayempelekea fundi gari ambalo angeweza kulitengeneza mwenyewe? Hoja hii ni kweli kwa sehemu, na sehemu hiyo nimeiona kwa macho. Msimu wa ritani, yaani taarifa za kodi za kila mwaka, nilikuwa katika saiba moja karibu na steji ya matatu za Njoro. Aliingia mama mwenye kikapu, akaeleza kwamba binti yake yuko chuoni na ameambiwa asipofaili kabla ya tarehe 30 Juni atapigwa faini ya shilingi 2,000. Kijana wa saiba akamwambia, “Mama, kwa KRA hii ni bure. Mimi unanilipa mia, ya kazi na mtandao.” Mama akauliza, “Na ukimaliza nitajuaje imeingia?” Kijana akamchapishia risiti ya iTax, akamwonyesha kwa kidole mahali palipoandikwa jina la binti. Shilingi 100, risiti mkononi, na ukweli wote ulisemwa kabla ya pesa kutoka kikapuni. Sioni kosa hapo. Kama kuna kosa, ni kwamba mama huyo alilazimika kumtafuta mtu wa kumfanyia hivyo sokoni badala ya kumkuta ofisini.

Tofauti kati ya kijana yule na tovuti ninazozisema iko katika sentensi moja tu, ile ya kwamba kwa KRA ni bure. Yeye aliitanguliza, wao huificha chini ya ukurasa. Ukiitanguliza, mteja anaamua kama msaada wako una thamani ya mia. Ukiificha, hajaamua chochote, amelipa kwa sababu anadhani hana njia nyingine. Fundi wa gari hakuambii kwamba yeye ndiye kiwanda kilicholiunda. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya kupotosha yanayomfanya mnunuzi aamini kisichokuwepo, na rangi za bendera, picha za majengo ya serikali na jina la tovuti lililotungwa lifanane na la idara ni maelezo, hata kama hayakuandikwa kwa maneno. Kwa hivyo hoja ya muda na ujuzi inamtetea kijana wa saiba, haiwatetei wao.

Na hata kijana wa saiba sina budi kumtaja kwa jambo moja. Pembeni mwa kompyuta yake palikuwa na daftari la mazoezi la shule, na ndani yake majina ya wateja, nambari za PIN, barua pepe alizowafungulia na nywila zake. Analiweka kwa nia njema, kwa kuwa wateja hurudi mwaka unaofuata wakiwa wamesahau kila kitu. Ila daftari hilo ni funguo za nyumba za watu wasiofahamu kwamba wamezitoa. Katika tovuti za kupotosha, daftari hilo liko kwa mtu usiyemjua, huenda nje ya nchi, na limesheheni nambari ya kitambulisho, jina la mama mzazi, simu na nywila ya iTax. Tunapohesabu hasara ya kijana wa Kaptembwo kwa zile shilingi alizolipa, tunahesabu sehemu ndogo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka anayekusanya habari za mtu aseme anazikusanya kwa ajili gani na azitumie kwa jambo hilo tu. Kamishna wa Data ana mamlaka ya kuuliza maswali haya, na ningependa kuona yakiulizwa kwa watoa huduma wa aina hii kwa bidii ile ile iliyotumika kwa kampuni za mikopo ya simu.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayopendwa kuliko zote: kwamba anayeibiwa namna hii ni mjinga, angetazama tu mwisho wa anwani, akiona .go.ke ajue ni serikali, asipoiona akimbie. Inasikika ya busara hadi uijaribu. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, imekuwa na tovuti yake kwenye .co.ke, mwisho ambao mtu yeyote anaweza kuununua kwa pesa za chakula cha siku mbili tatu. Mpango mpya wa kufadhili wanafunzi wa vyuo vikuu ulipoanza mwaka 2023, waombaji wa ufadhili huo walielekezwa kwenye hef.co.ke. KUCCPS, inayowapanga wanafunzi vyuoni, kwa miaka mingi ilitumia anwani ya .net, ambayo haina hata dalili ya Kenya ndani yake. Tume ya Uchaguzi iko kwenye .or.ke, na ndiko ilikokuwa bima ya taifa ya afya, NHIF, kabla ya SHA kuchukua nafasi yake Oktoba 2024. Mwanafunzi wa Njoro au Maseno aliyefuata ushauri wa .go.ke kwa uaminifu asingepata chuo wala mkopo. Serikali yenyewe imemfundisha, mwaka baada ya mwaka, kwamba anwani yoyote inaweza kuwa ya serikali. Kisha akidanganywa na anwani yoyote, anaambiwa hakuwa makini.

Wala si anwani tu. Simu nyingi zinazotumika mitaani zina kioo kidogo, na kivinjari huonyesha kipande tu cha anwani. Kiungo hakitafutwi, hutumwa kwenye WhatsApp ya ukoo au ya kanisa na mtu unayemwamini, aliyetumiwa na mtu anayemwamini. Mwenye kusema angetazama ni mtu anayeketi mbele ya kompyuta ofisini na ana muda wa kutazama. Mtu aliyekwama siku ya mwisho ya kufaili, bando la intaneti likimwishia, hana muda huo, na waliotengeneza tovuti hizo wanalijua hilo vizuri kuliko maafisa wetu. Uzoefu wa wageni wetu unathibitisha jambo hilo hilo. Kenya ilipoondoa viza Januari 2024 na kuleta idhini ya kusafiri ya mtandaoni, iliyoanza kwa ada ya dola 30, zilijitokeza tovuti za kuiga zinazotoza zaidi ya hapo kwa idhini ile ile. Watalii wanaokuja kuona flamingo wa Ziwa Nakuru ni watu waliosoma na kusafiri, nao hunaswa.

Vipi basi kuhusu rungu? Sheria ya mwaka 2018 tayari ilikuwa na meno. Kifungu cha 28 kinamwadhibu anayetumia kwa makusudi jina la tovuti la mwingine bila idhini, kwa faini ya hadi shilingi 200,000 au kifungo cha hadi miaka miwili. Marekebisho ya 2025 yaliongeza uwezo wa serikali kuagiza tovuti zizimwe, na upesi mahakama ikasimamisha baadhi ya vifungu vyake kwa hofu kwamba vitabana uhuru wa kujieleza. Hofu hiyo naielewa. Uwezo wa kuzima tovuti kwa agizo la afisa ukishawekwa mezani kwa ajili ya matapeli, hautabaki kwa matapeli. Hata tukiacha hilo, tovuti ya kupotosha ni rahisi kuihamisha: jina jipya hununuliwa kwa dakika chache, na ukurasa ule ule unapandishwa tena kutoka nchi ambayo agizo la Nairobi halifiki. Kesi dhidi ya wakubwa wa biashara hii zina maana. Msako wa tovuti moja moja hauna mwisho.

Waingereza walipita njia hii kabla yetu, na somo lao halijanyooka kama ningependa. Oktoba 2012 walifungua GOV.UK na kuanza kuzivuta tovuti za wizara zao chini ya anwani moja, jambo ninalolipigia debe hapa. Bado tovuti za kuiga ziliendelea kunawiri, zikitoza watu kwa kadi ya afya ya usafiri ambayo hutolewa bure hadi leo, na kwa leseni na pasipoti kwa bei ya juu. Anwani moja peke yake haikutosha. Kilichosaidia zaidi ni mambo mawili yaliyoongezwa: mwaka 2018 mahakama iliwafunga waendeshaji wa mtandao mkubwa wa tovuti hizo, na mwaka 2020 Google ikaweka sera ya kukataa matangazo ya nyaraka na huduma ambazo mtu anaweza kuzipata moja kwa moja serikalini. Sera hiyo ni ya dunia nzima, Kenya ikiwemo, lakini matangazo bado hupenya. Hapa ndipo ningetaka Mamlaka ya Mawasiliano na Mamlaka ya Ushindani zielekeze nguvu. Tovuti ya kupotosha ambayo haiwezi kununua nafasi ya juu ya matokeo ni duka lililo kwenye kichochoro kisicho na wapita njia. Kumwandikia muuza matangazo mmoja na kumtaka atekeleze sera yake mwenyewe ni kazi nyepesi kuliko kuwafukuza wenye tovuti mia.

Kazi kubwa, hata hivyo, iko nyumbani. Mashirika yote ya umma yahamie .go.ke, HELB na Tume ya Uchaguzi zikiwemo, na ile tahadhari ya kutazama mwisho wa anwani itakuwa na maana kwa mara ya kwanza. Kuhama huko kunahitaji fedha kidogo na agizo la wizara. Halafu ukurasa wa kwanza wa eCitizen, kabla mtu hajaingia, uonyeshe bei za huduma zote, na zile za bure ziandikwe kwa herufi kubwa kwamba ni bure: kupata PIN, kufaili ritani ya sufuri ya asiye na mapato, kujiandikisha SHA, kujiandikisha kuwa mpiga kura. Jeshi limefanya hivi kwa muda mrefu kwa njia yake, kila tangazo la kuajiri makurutu likisisitiza kwamba kuajiriwa hakuna malipo. Hatua hiyo haijawamaliza matapeli wa makurutu, lakini hakuna mzazi katika Bonde la Ufa anayeweza kusema hajawahi kuambiwa.

Kuna njia nyingine tunayoidharau kwa sababu haina mvuto wa programu mpya. Kujiandikisha SHA kunawezekana kwa *147#, na eCitizen nayo ina *222#. Nambari hizi fupi hugawiwa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano, kwa hivyo tapeli hawezi kwenda kujinunulia inayofanana kama anavyonunua jina la .co.ke. Hazihitaji bando wala kioo kikubwa. Zinaweza kutajwa redioni kwa Kiswahili, Kikalenjin, Kikikuyu au Dholuo, na chifu akazirudia kwenye baraza, na aliyesikia mara moja akazikumbuka. Kadhalika 222222: mtu akifundishwa kwamba malipo ya eCitizen huingia hapo, na kwamba till au simu ya mtu binafsi si hazina ya serikali, ana kipimo ambacho hata simu ya mulika mwizi inaweza kukisoma, kwa sababu M-Pesa humwonyesha anakolipa kabla pesa hazijatoka. Kipimo hiki ni kigumu kukichezea kuliko anwani ya tovuti.

Na bado nimebaki na yule mama wa Njoro, kwa sababu hakuna anwani wala nambari fupi inayoondoa ukweli kwamba alihitaji mtu. Serikali imeahidi kituo cha kidijitali katika kila wadi ya nchi, wadi 1,450 kwa jumla. Nakuru ina 55. Vinapotajwa, huwa vinaelezwa kama mahali ambapo vijana watapata kazi za mtandaoni za kampuni za nje, na sina ubishi na hilo. Lakini nani atakayeketi pale Jumatatu asubuhi kumfailia mama ritani ya binti yake bila malipo, akimkabidhi nywila yake mwenyewe ndani ya bahasha badala ya kuiandika kwenye daftari? Wako vijana wengi wa saiba wanaoijua kazi hiyo kuliko afisa yeyote, wanaozijua kurasa za iTax kwa kichwa na wanajua mahali zinapokwama. Kuwaajiri hata mmoja kwa kila wadi, kwa kiapo cha kutunza siri na mshahara wa kaunti, ni watu 55. Bunge la Kaunti ya Nakuru linapoketi kujadili bajeti, hilo ni swali ambalo wawakilishi wadi wanaweza kuliuliza bila kungoja Nairobi, na sisi wapiga kura wao tunaweza kuwataka waliulize kabla tarehe 30 Juni nyingine haijafika.